Malai Kabla ya Jamu

Kaka yangu Perran,

Pokea salamu nyingi kutoka huku Cornwall. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na watoto, na kwamba jua la Australia halijawakausha bado. Sisi hatujambo. Mvua inanyesha, paa la zizi linavuja palepale, na Shangazi Tamsin magoti yanamsumbua ila mdomo uko salama kabisa.

Nina habari za Baba. Zisome ukiwa umekaa.

Jumapili ya mavuno tulikunywa chai kanisani kama kawaida. Skonzi nilioka mimi, kwa utaratibu wa Mama: siagi iwe baridi, unga usikandwe sana, kibati cha kukatia kishuke wima bila kuzungushwa, la sivyo zinaota upande. Ziliumuka vizuri. Baba akachukua moja ingali moto, akaipasua kwa vidole, akachota malai akayapaka. Kisha juu ya malai akaweka jamu.

Kaka, ukumbi mzima uligeuka kumtazama. Mchungaji alibaki na kikombe hewani. Mzee wa Cornwall, mjukuu wa wachimba bati, badala ya jamu kama sisi, anaanza na malai kama watu wa Devon, ng'ambo ya mto, tena mbele za watu! Wala hakuwa anafanya utani, mkono ulikwenda wenyewe. Aliyepata sauti ni Shangazi. Akamuuliza, "We Digory, umelogwa? Nani kakufundisha mambo hayo?" Baba akaitazama ile skonzi, masikio yakamwiva, akasema eti ni njaa tu. Shangazi akamwambia, "Njaa gani hiyo inayovuka mto Tamar?" Watu wakacheka, ila walishaelewa.

Maana tangu Aprili Baba alikuwa akivuka mto kila Alhamisi, anatuaga kwamba anatengenezewa meno ya bandia Tavistock. Nilishangaa ni meno gani hayo yasiyokwisha, lakini sikuuliza. Siku hiyo nilipombana nyumbani alisema yote. Kuna mjane anaitwa Hester Yeo, ana duka la nyuzi za sufu, na Baba anataka kumwoa.

Nikaenda kumtazama. Sikwenda kwa wema, nakwambia kweli. Alinikaribisha vizuri, akaweka skonzi mezani, na bakuli la jamu akalisogeza upande wangu. Nikapaka jamu kwanza, kwa makusudi, huku nimemkodolea macho. Akacheka. Akasema watu wa pande zetu mbili tunagombania mali ya wenyewe, kwani skonzi ni za Waskoti. Zamani walikuwa wanakanda unga wa shayiri, wanaoka mkate mmoja mpana juu ya chuma cha moto, bapa kama sahani, halafu wanaukata pande nne. Magadi ya kuumulia yalipokuja ndipo zikanyanyuka, na matajiri wakazitaka mezani saa ya chai. "Na wenyewe wanapaka siagi tu, mwanangu, na wanalala usingizi." Skonzi zake, inaniuma kusema, zilikuwa laini kuliko zangu. Nilikula mpaka nikaona aibu.

Nikamuuliza kama ni yeye aliyembadilisha Baba. Akasema hapana, yeye alimwambia apake apendavyo. Baba mwenyewe ndiye aliyemjibu kwamba nyumbani anapaka jamu na kula akiutazama ukuta, kwa hiyo akija kwake anataka afanye vingine. Naishi mlango wa pili na Baba, na sikujua kwamba anakula akiutazama ukuta.

Sasa, tatizo ni wewe. Siku tuliyomzika Mama ulimwapisha Baba kwamba jikoni mle hataingia mwanamke mwingine, naye akaapa. Unamjua, hawezi kukivunja kiapo mpaka wewe umfungue. Alikuandikia mwezi wa Juni, hukujibu. Akaandika tena. Kila asubuhi anasimama getini kumngoja tarishi akijifanya anang'oa magugu, na pale hakuna gugu lililobaki. Naye Hester, mwanawe anataka mama yake ahamie kwake Exeter kabla ya baridi. Hester amesema atangoja mwezi huu uishe, basi, hatamwomba mtu.

Kwa hiyo nilimwambia Baba kwamba umepiga simu.

Nilimwambia ulipiga yeye akiwa kanisani, simu ilikuwa inakwaruza, hukuweza kungoja. Nikasema maneno yako yalikuwa, "Mwambie mzee aoe, hata Mama angetaka hivyo." Akaniomba nirudie. Nikarudia, na mara ya pili nikakuongezea maneno mazuri zaidi. Akakaa kwenye ngazi akalia, kaka, alilia sana, halafu akaniuliza suti yake iko wapi.

Wanafunga ndoa Jumamosi, kabla barua hii haijakufikia. Baba atakupigia simu siku ya Krismasi akushukuru, ameshaanza kujizoeza la kusema. Ukimsikia, mwitikie tu, "Hongera, Baba." Matusi yangu niandikie mimi.

Wabusu wifi na watoto. Shangazi anakusalimu sana. Hajui lolote, na asijue.

Ni mimi dada yako akupendaye,

Loveday