Uso wa Corso Ukutani

Ijumaa, 30 Agosti 1342

Nimeitwa Jumba la Mji. Nimepewa kazi ambayo sikuiomba. Nimchore Corso Bindi, mkuu wa lango la kusini, akining'inia kichwa chini, mguu mmoja kwenye kamba, ukutani mbele ya soko la nyama. Corso aliwafungulia adui lango usiku wa Mtakatifu Lorenzo, kisha akakimbia nao. Yeye hawakumpata. Wanataka picha yake.

Corso ni shemeji yangu. Mume wa Tessa, dada yangu.

Nilimwambia karani wa mji, Ser Guccio, kwamba mafundi wapo wengine. Meo yupo. Akasema Meo anachora mawingu vizuri, ila mji hautaki kunyonga wingu. Na nani asiyemjua Mtakatifu Juliano niliyemchora kanisani kwa walinzi wa lango? Uso ule ni Corso mtupu. Basi siwezi kudai kwamba sura yake imenipotea.

Sheria aliisoma polepole, nami naiandika kama nilivyoisikia. Picha ikamilike kabla ya sikukuu ya Kuzaliwa kwa Bikira Maria, tarehe 8. Itambuliwe na mtu wa nyumbani mwa msaliti. Ikitambuliwa, Corso amehesabiwa amenyongwa: nyumba yake inabomolewa, mke na mtoto wanatolewa nje ya kuta na nguo walizovaa. Isipotambuliwa, fundi amemficha msaliti. Fundi wa namna hiyo hana haja ya kidole gumba.

"Cha kulia," akasema Ser Guccio. "Kukata vyote viwili kungekuwa ukatili."

Jumapili, 1 Septemba

Tessa alikuja baada ya misa, na Lippa mgongoni. Mtoto ana miaka minne. Tangu Corso akimbie, Tessa humpeleka kanisani kila jioni, wanambusu Mtakatifu Juliano mguuni, na mtoto anasema lala salama, baba. Nilikuwa sijui.

Tessa alisema nichore mtu yeyote. Nichore punda. Wakimwita yeye amtambue, atasema hamjui.

Nikamwambia ndiyo. Ilikuwa rahisi kusema.

Jumatatu, 2 Septemba

Mawingu, upepo kidogo. Lipu inakauka taratibu, hali nzuri ya kazi.

Kwa kawaida mtu huanza na kichwa. Huyu kaning'inia, kwa hiyo unyayo ndio uko juu na uso unakuja mwisho, chini kabisa, pale mate ya watu yanapofika. Nimemaliza kamba, mguu na paja. Wachinjaji wananitazama toka asubuhi.

"Fundi, mguu huo ni wa Corso au wa mbuzi?"

"Muulize dada yake fundi, yeye ndiye anayeujua," mwingine akadakia.

Meo alipita na mkewe. Akasema kwa sauti ya kusikika kwamba yeye angemaliza kwa siku mbili, na Corso angejikojolea mpaka machoni. Walicheka wote. Mimi pia nilicheka. Sijui kwa nini.

Jumatano, 4 Septemba

Uso wa kwanza. Pua nilimpa pana, macho nikayasogeza, kidevu nikakifuta karibu chote. Ser Guccio aliutazama muda mrefu, mikono nyuma. Nilidhani ataagiza Tessa aitwe. Akaagiza Lippa.

"Watu wazima wana adabu," alisema. "Mtoto hana."

Wakamleta. Alisimama kati ya ndoo za damu, kidole mdomoni.

"Nani huyu, binti yangu?"

"Mtu mbaya."

"Mtu mbaya gani?"

Akafikiri. "Muuza samaki."

Soko zima likapasuka kwa kicheko. Muuza samaki mwenyewe alikuwepo, akaondoka amevimba. Hata Ser Guccio alifuta machozi. Alipomaliza kucheka alimwomba mwashi tindo na nyundo, akanipa mkononi. Lipu ikikauka hairekebishiki, lazima ibomolewe. Nikaubomoa uso mbele yao. Kila pigo, wachinjaji wakasema "Amina".

Alhamisi, 5 Septemba

Mvua. Sikufanya kazi.

Padre Simone ameagiza Mtakatifu Juliano akwanguliwe macho. Amesema mtakatifu hawezi kukaa ndani ya sura ya msaliti. Wanawake wanamwashia mishumaa vilevile. Lippa alimuuliza mama yake kama baba amelala.

Ijumaa, 6 Septemba

Uso wa pili. Nilikaribia zaidi, ila kovu la nyusi sikulichora, na mdomo niliufanya wa mtu mwingine. Lippa alitazama, akasema siyo. Safari hii hakuna aliyecheka. Ser Guccio alinishika mkono wa kulia, akakigeuza kidole gumba huku na huku, kama anayechagua tini sokoni. Kisha akanirudishia mkono wangu. Kesho, alisema, kabla ya kengele ya jioni. Nikabomoa tena.

Tessa aliningoja mlangoni kwangu. Amemfundisha mtoto. Wakikuuliza, sema simjui. Ukisema baba, tutalala nje na mbwa mwitu. Lippa akanikaririria kama sala: simjui, simjui.

"Mama, umeona?" akauliza. "Najua."

Nikamwambia Tessa kwamba mtoto akisema simjui kesho, mimi nimekwisha. Hakuyakwepa macho yangu.

"Kidole kimoja, Nuto. Kwangu mimi ni nyumba, na huyu mtoto."

"Kidole ndicho kinachoshika brashi."

"Utashika ufagio. Watu wanaishi."

Alisema bila ubaya. Alisema kama mtu anayegawa mkate na kuona vipande havitoshi. Akakichukua kimya changu kuwa ndiyo, akanibusu, akaenda.

Jumamosi, 7 Septemba

Jua. Nimepaka lipu alfajiri, nyembamba na laini. Nikaanza.

Kovu la nyusi. Pengo kati ya meno ya mbele. Mdomo wa chini, anavyouuma akiwahesabu walinzi wake. Damu imeshuka, mashavu yamejaa, mshipa umesimama kwenye paji. Sikuhitaji kufikiri. Mungu anisamehe, ni uso mzuri kuliko ule wa kanisani. Sijawahi kufanya kazi nzuri hivi.

Nilipoondoa turubai lililoufunika uso, wachinjaji waliweka visu chini. Kisha mmoja akautemea mate, bila kuambiwa na mtu. Hapo nikajua wamemtambua.

Tessa aliuona. Alisimama tu, shela mkononi.

Lippa akaletwa. Ser Guccio akamuuliza, nani huyu?

"Simjui," akasema upesi, akamtazama mama yake apate sifa.

Watu wakaguna. Mimi nilihisi kidole changu peke yake, kana kwamba mwili mwingine wote haupo. Lakini mtoto hakuondoka. Aliinamisha kichwa upande, haikumtosha. Akainama, akaweka viganja chini, akatazama katikati ya miguu yake, nywele zikiburuzika kwenye vumbi la soko, mpaka uso ule ukamwia wima. Akakaa hivyo muda mrefu.

"Mjomba," akaniita, bado ameinama, "damu haimjai kichwani?"

Ser Guccio alichuchumaa hadi chini.

"Nani, binti yangu? Haimjai nani?"

Akakumbuka. Akasimama, akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Ser Guccio alimpa tini na kumshika mkono. Amempeleka ndani ya Jumba, hapa kando, ajibu mbele ya mashahidi wawili, iandikwe. Hajamkemea. Nasikia anamwimbia.

Wamo ndani hadi sasa. Mimi niko juu ya jukwaa la kuchorea, naandika gotini. Askari amesema nisishuke. Kengele bado. Mashahidi watatoka na mtoto, wamwonyeshe tena ukuta, na jibu la mwisho atalitoa hapa. Nimegusa lipu kwa mgongo wa kidole: ina unyevu. Sponji moja, pito moja, na hakuna uso, hakuna cha kutambua. Kuchora mwingine leo hakuwezekani: kidole kitaenda, nyumba ya Tessa itabaki.

Tessa ameketi kwenye ngazi ya wachinjaji. Hautazami mlango. Ananitazama mimi, kisha ndoo, kisha mimi.

Nimeitoa sponji kwenye ndoo. Nimeiweka nyuma yangu, mahali asipoweza kuiona.