Mgomba wa Mwisho

Jumatatu, 6 Julai
Siku ya tatu nyumbani Nyaishozi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe? Uongo. Nikilishika nanyang'anywa, narudishwa kwenye kiti, naletewa chai. Mama amekonda. Anakohoa. Nyumba niliyomjengea barabarani imefungwa kufuli! Analala kibanjani, katikati ya migomba ya ukoo, kwenye nyumba ya zamani, moshi umejaa, upepo unapita ukutani. Kazini Uswidi nawaogesha na kuwalaza mama za watu. Wangu anakohoa gizani. Nina hasira mpaka chakula hakipiti.

Jumanne, 7 Julai
Nimemuuliza. "Ile ni yako, mwanangu. Ukija na wageni wako watalala wapi?" Wageni gani! Nimefoka mbele ya majirani. Sijali.

Alhamisi, 9 Julai
Nimemhamisha. Godoro, sufuria, kuku. Hakubisha, aliangalia chini tu. Baba Mdogo, mdogo wake marehemu baba, ametusaidia kubeba. "Umefanya vizuri, binti yangu. Mama yenu apumzike." Nimemshukuru. Tena kwa kupiga magoti.

Ijumaa, 10 Julai
Mnafiki! Mzee mnafiki!
Asubuhi mama hayupo kitandani. Nimemkuta kibanjani, amesimama nje ya mlango wake mwenyewe. Ndani mbuzi wa Baba Mdogo. Yeye na panga anakata mkungu kando ya kaburi la baba. "Mjane amehama kwa hiari yake. Kibanja ni cha ukoo." Usiku mmoja tu! Kumbe hapa mjane anabaki na kibanja maadamu analala humo na anapika humo. Mama alijua. Kijiji kizima kilijua. Mimi sikuambiwa, mimi mgeni, ninywe chai.
Mbuzi nimewatoa kwa fimbo. Niliyomwambia Baba Mdogo siyaandiki. Hasira hasara, wanasema. Basi naye aipate hasara.

Jumamosi, 11 Julai
Kikao cha ukoo. Wanaume wamekunywa rubisi, pombe yao ya ndizi, na kuzunguka maneno hadi jioni. Mimi binti, nimeambiwa nikae kimya. Nimeuma meno. Kisha mama akainuka. "Nililala kwa mwanangu. Mtu akilala kwa mwanawe, amehama?" Baba Mdogo alikohoa, akatazama kibuyu chake.
Wameamua arudi. Ila asilale nje ya kibanja tena. Nikauliza, hata akiugua? Wakasema wataona. Nawachukia wote, hata wale waliotikisa vichwa tu kukubali.

Jumapili, 12 Julai
Basi la Bukoba linapita saa nne. Nilimwomba mama twende pamoja, daktari amsikilize kifua, tulale huko usiku mmoja, kesho arudi. Alinishika mkono.
Alinisindikiza akiwa amejifunga kanga mpya niliyomletea. Tulipofika kwenye mgomba wa mwisho, kibanja kinapoishia, akasimama. Barabara iko hatua chache tu kutoka pale. Nilivuka peke yangu.