Kijiji Chenye Chakula cha Kutosha

Jumatatu, 4 Machi 1974
Nyumba tisa leo, uchunguzi wa njaa wa wilaya. Milima hii inaniua, na soli ya kiatu imeachia. Kila nyumba swali lile lile: jana mlikula mara ngapi? Mara mbili. Naandika mbili. Nalala kwa Shangazi Mwanahawa, dada yake baba, aliyenilea. Ugali wa moto, maharage. Yeye hali na mimi, eti ameshakula.

Jumatano, 6 Machi
Vuli ilikauka, kila mtu anajua. Lakini huku juu ya mlima Magamba halalamiki mtu. Kila ninapoingia natengewa chakula. Nikikataa wananuna. Nimenenepa, jamani.

Ijumaa, 8 Machi
Nimekabidhi ripoti wilayani, Lushoto. Vijiji vyenye njaa vitapelekewa mahindi ya serikali. Chetu nimeandika: chakula cha kutosha. Majibu yamelingana vizuri mno. Najivunia kazi hii, sifichi.

Jumapili, 24 Machi
Nimeitwa. Shangazi hawezi kusimama. Nimepanda mlima mbio. Mifupa mitupu, masikini. Jirani yake, Mama Zaina, kanivuta nje. Tangu Februari wanakula majani ya mchunga ya kuchemsha, basi. Ule ugali wangu ulikuwa mbegu: mahindi yaliyotundikwa juu ya moshi kungoja masika. Aliyasaga kwa ajili yangu. Nyumba zote nilimokula, hivyo hivyo.

"Mgeni anauliza kama tumekula, nasi tumwambie tuna njaa? Si kumfukuza huko?"

Lahaula! Mimi Mshambaa, mzaliwa wa hapa hapa. Utotoni nilichapwa kwa kutaja njaa mbele ya mgeni. Nimesoma mpaka nikawa mjinga.

Jumatatu, 25 Machi
Ofisini tangu asubuhi. Afisa mipango kanionyesha sahihi yangu. Malori yameshakwenda kwingine. Nimepiga meza. Nimelia, mtu mzima na suruali yangu. Kasema niandike upya, atajaribu. Nimeandika ukurasa mmoja. Hauna jedwali hata moja.

Alhamisi, 28 Machi
Shangazi amefariki alfajiri. Unga niliobeba kutoka Lushoto nilimkorogea uji, haukupita kooni. Tumemzika baada ya Adhuhuri. Watu wanasema ni uzee. Si uzee. Ni mimi.

Jumanne, 9 Aprili
Ukungu. Lori limefika mwisho wa barabara, watu wakapandisha magunia kichwani. Wazee wamenishika mkono mmoja mmoja. Mama Zaina kasema mbele ya wote kwamba bila mtoto wao huyu kijiji kisingepata hata punje. Wanawake wakapiga vigelegele. Nilitaka kuwaambia habari ya ile ripoti ya kwanza. Nikachukua debe, nikawapimia mahindi mpaka Alasiri.