Rafiki Asiyejuana Nami

Kasuku wangu,

Shikamoo yako nimeipata, marahaba, ila usinizeeshe! Bibi yako ni dada yangu. Mimi ni kitindamimba wao tu. Huku ughaibuni, Lewisham, wazima wote, na mwanangu bado anajibu Kiingereza nikimsemesha Kiswahili.

Unauliza kama nimewahi kuona shujaa kwa macho. Mbona nimemwogesha! Nilipoanza kazi ya kutunza wazee, nilikuwa na Bi Edna. Siku moja nikamsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu mpaka bustani moja yenye msitu, nje ya mji, yeye na wenzake walikofundishwa ujasusi wakati wa vita vya pili vya dunia. Akanionyesha njia ambapo rafiki yake Joan, kwenye mtihani, aliambiwa ajiangushe na kulia, na Bi Edna apite kama hamjui.

"Hata pole hukusema?" nikamuuliza.

"Ningesema, ningefeli."

Halafu vita vyenyewe! Kwenye stesheni, nchi ya adui, Bi Edna akamkuta Joan kashikwa na askari. Wakatazamana. Angesimama, wangekufa wote wawili. Akapita. Askari hawakupata ushahidi wa kumfunga Joan, wakamwachia.

Mimi machozi tu. Jumapili iliyofuata akaja kwa Bi Edna bibi mmoja na mkongojo, kunywa chai. Joan mwenyewe!

"Bado hunijui, we mkaidi?"

"Sijawahi kukuona," Bi Edna akamjibu, huku kamshika mkono. Hakuuachia mpaka chai ikapoa.

Sasa Kasuku, sisi tunampa pole hata mtu baki akijikwaa barabarani. Ungekuwa wewe pale stesheni, ungepita?

Bibi yako mdogo