Msitu wa Wazee Hautaingia kwenye Kipeperushi

Ingleburn, Sydney

Kaka yangu Eliesa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umesimama kwa miguu miwili, maana kwenye simu ulisema nyonga imekuacha na mmoja tu. Wifi bado anakukanda kwa yale majani yanayonuka? Na mvua za vuli je, zimefika kwenye ndiva, au lile bwawa walilochimba babu zetu limebaki tope? Sisi huku tu wazima. Baba Neema yuko kwenye ghala lake, Neema anasoma na kukua na kunijibu Kiingereza kila nikimsemesha Kiswahili, na mimi bado nawaogesha wazee wa watu huku nikibishana nao siasa. Mijakaranda imechanua mitaa yote. Ukiitazama haraka unaweza kudhani uko Arusha, mpaka mtu afungue mdomo.

Nimeamua kuandika kwa kalamu. Kwenye simu, ukiona nimekushinda, unasema mtandao umekatika.

Umeniomba niandike maneno ya Kiingereza ya kipeperushi cha mwekezaji wenu, yawahi kikao cha ukoo cha Krismasi. Ukaniagiza nifuate mfano wa kile kipeperushi cha bonde la Kullu nilichokutumia kutoka India, chenye sehemu tatu: utamaduni, dini na maumbile. Ukasema kwa furaha kwamba hata sisi Wapare tunavyo vyote vitatu. Utamaduni ni ndiva na soko la mlimani. Maumbile ni mlima Shengena na mawingu yake. Na dini ni msitu wa ukoo, ambamo mafuvu ya wazee wetu yamekaa kwenye vyungu. Mwekezaji ataweka ngazi, kamba ya kushikia na vioo mbele ya vyungu. Ukamalizia kwamba ukoo hautapinga, kwa sababu mimi mwenyewe, mwenye kelele kuliko wote, nilishapiga kelele: "Fungueni!"

Ni kweli nilipiga, na sababu yangu unaijua. Msitu ule wanawake hatuingii. Nimeandika magazetini, nimesema kanisani, nimemwambia marehemu Baba mbele ya wageni kwamba hakuna mzee mwenye haki ya kunificha mifupa ya bibi yangu mzaa baba. Nikahesabu hivi: akishaingia mtalii wa Kijerumani na kofia yake, mtakosa cha kuniambia mimi. Leo nalirudisha neno langu, na kwa kuwa sijawahi kusema jambo bila hoja, naweka hoja mezani. Vumilia, hii nyingine ni ya ajabu kidogo.

Kazini nina rafiki anaitwa Sunita. Kwao ni huko Himachal, milimani kaskazini mwa India. Siku moja tukila chakula cha mchana aliniambia kijijini kwao tajiri mmoja anataka kujenga vigari vya kuning'inia kwenye waya, watalii wapande hadi hekaluni bila kutoa jasho. Lakini mungu wa kijiji alikuwa hajaulizwa.

"Mungu wenu anaulizwa kama diwani?" nikamcheka.

"Diwani anadanganya," akanijibu, akaendelea kutafuna.

Akanieleza wanavyouliza. Mungu yule hukaa kwenye machela iliyofunikwa vitambaa vyekundu na sura nyingi za shaba na fedha. Wanaume wanaibeba mabegani, swali linaulizwa, nayo machela inainama mbele au inarudi nyuma. Wachukuzi huapa kwamba si wao wanaoisogeza. Kaka, unanijua. Niliomba likizo siku ileile, na Sunita akaomba yake, anifikishe kwao. Nilitaka kwenda kuona ulaghai huo kwa macho yangu, nikauandike, nikaulinganishe na wa kwetu.

Na nchi yenyewe, siwezi kukudanganya, ni nzuri kupita kipeperushi chake. Unapanda ukiufuata mto Beas, maji ya kijani yanayonguruma kati ya mawe makubwa kama nyumba. Manali kuna hekalu la mbao ndani ya msitu wa mierezi, mapaa yake yamepandana, kuta zimepigiliwa pembe za wanyama. Nje kuna akina mama wanaokodisha sungura wenye manyoya kama mito, upige nao picha. Ndani hakuna sanamu kubwa, kuna alama ya unyayo mwambani tu. Watu wazima, wenye simu za bei mbaya, wanauinamia unyayo. Manikaran maji yanachemka yenyewe kutoka ardhini, wanafunga mchele kwenye kitambaa, wanautumbukiza, unaiva. Masingasinga wa pale wanalisha kila anayekuja, bure, mmekaa chini safu moja. Nilikula kando ya mwenye hoteli na kando ya ombaomba. Hapo sikuwa na la kubisha, nikaongeza dengu.

Lakini ukungu wa kule, Kaka, haufanani na wa kwetu. Wa kwetu unapita. Ule unakaa, kama mtu anayesubiri umalize ulichokuwa unasema.

Kijiji cha kina Sunita sitakitaja jina, wenyewe hawapendi. Uwanja wa hekalu umetandikwa mawe, na kuna mstari ambao mgeni havuki, havai ngozi karibu yake, hagusi ukuta. Mzee mmoja aliponionyesha kwa fimbo pa kusimama, nikawaka.

"Kwa sababu mimi mweusi?" nikauliza kwa sauti, mpaka ngoma zikasita.

Sunita akanivuta mkono. "Dada, tulia. Hata mume wangu havuki. Yeye ni wa bonde la pili."

Kweli, nikamwona mumewe amesimama kando yangu, Mhindi halisi, amefunga mikono kwa adabu. Nikasimama pale nilipoonyeshwa, ingawa si kwa moyo wote.

Sasa nakuambia ninavyokumbuka. Ngoma zilianza upya, na zile baragumu zao ndefu zilizopinda. Machela ikatoka imebebwa. Mzee akauliza swali la vigari. Machela ikatetemeka, ikageuka, halafu ikaja mbio kuelekea kwangu, wachukuzi wakiburutwa nayo. Ikasimama mbele yangu. Zile sura za shaba na fedha zilikuwa karibu kiasi kwamba nilisikia baridi yake, na harufu ya samli na moshi. Macho yake hayana mboni, lakini kila moja lilinitazama. Kisha ikaondoka. Nikamgeukia binamu yake Sunita, aliyekuwa akirekodi kwa simu, nikamwambia mchezo wenu nimeuona, mnatisha wageni ili wasiulize maswali.

Akatia simu mfukoni, akaondoka. Njiani kurudi Sunita alitembea mbele yangu. Niliona soksi zangu zimelowa, nikasema ni mambo ya chemchemi za moto. Kwenye ndege nikaanza makala yangu. Ilikuwa kali, Kaka. Ungeipenda.

Tuliporudi Sydney, Sunita akaanza kula peke yake. Nikimkaribia mezani anakumbuka kazi. Siku moja nikambana kwenye chumba cha kufulia: "Nimekukosea nini?"

"Kwani hukumbuki?" akaniuliza, akitazama mashuka. "Siku ile mungu wetu hakujibu chochote. Wazee walisema hawezi kusema penye mgeni aliyekuja na shauri lake." Akatoa simu. "Nakutumia. Itazame ukiwa na mumeo."

Niliitazama Jumapili mchana, tumetoka kwenye ibada yetu ya Kiswahili pamoja na Warundi na Wakongo, pilau iko mezani, dirisha wazi, jirani anakata majani. Mchana mweupe. Nakuambia hivyo ili usidhani kuna giza lililonisaidia kuona.

Machela haikukimbia. Haikusogea hata hatua moja. Imesimama katikati ya uwanja, wachukuzi wametulia kama miti. Anayesogea ni mimi. Ninavua viatu, ninaviweka sambamba, visigino vikielekea hekaluni. Ninaweka mikono nyuma ya shingo. Ninaipa machela mgongo, halafu ninatembea kinyumenyume, navuka mstari, napita juu ya mawe yaliyoinuka na kushuka bila kujikwaa, bila kutazama nyuma hata mara moja. Mzee wa fimbo anapisha. Mgongo wangu unasimama karibu na zile sura. Midomo yangu inacheza, nazungumza, lakini ngoma zimefunika. Kisha narudi, navaa viatu, na papo hapo naanza kumfokea binamu yake Sunita.

Baba Neema aliweka kijiko chini. Neema akauliza, kwa Kiingereza chake, "Mama, kwa nini unatembea hivyo?" Nikamwambia ale.

Hoja ninazo, usinifikirie vibaya. Hewa ya milimani ni nyembamba, ubongo unakosa pumzi. Ngoma zikipigwa kwa muda mrefu mtu hupotewa na fahamu, nimeyasoma hayo vitabuni na naweza kukutajia kurasa. Nilikuwa nimekasirika, na hasira ni ulevi. Yote nayakubali. Hewa nyembamba inaweza kuniangusha. Inaweza kunifanya nicheze, nilie, nitapike. Lakini haiwezi kunifundisha kitu. Na mimi mwendo ule sikuujua.

Nikampigia simu Baba Mdogo, kwa kuwa ndiye mtunza msitu aliyebaki. Nikamweleza bila kupamba.

"Viatu uliviweka vipi?" akauliza.

"Sambamba. Visigino mbele."

"Na mikono?"

"Nyuma ya shingo."

"Nani amekuonyesha?"

"Ndilo ninalokuuliza wewe, Baba Mdogo."

Akakohoa. Akasema, "Namsifu, hivyo ndivyo tunavyoingia kwa wazee. Tunaingia kwa mgongo, wao ndio watuone kwanza. Mimi baba yangu alinionyesha mle mle ndani. Nje ya msitu hatujawahi kumwonyesha mtu."

Nikafikiri labda ni wewe uliyeniambia tukiwa watoto, ukiringa. Baba Mdogo akacheka kwa mara ya kwanza. Akasema wewe hujui, kwa kuwa hukuingia kamwe. Mwaka waliowaingiza vijana ulikuwa shule ya bweni, na uliporudi ulisema ni mambo ya kishenzi. Kwa hiyo, Kaka, tuelewane: wewe unayetaka kukata tiketi hujawahi kuona kilichomo. Na mimi niliyekatazwa, kuna mahali fulani nimekwisha kufika, sijui ni wapi, na sijui nilisema nini.

Hapa ndipo hoja yangu ilipo, na kikaoni uisome kwa sauti. Sisemi tuogope. Woga nimeukataa maisha yangu yote, na sitaanza leo kwa sababu ya video. Wala usimwambie mchungaji, atataka kuniombea kwa kipaza sauti. Ninachosema ni kwamba watu wa Kullu hawajajifungia. Wana sungura wa kukodisha, wana unyayo wa kuinamiwa, wana wali wa chemchemi, na mgeni anakula mpaka ashibe. Lakini wana mstari, na kabla ya kuusogeza wanauliza. Sisi hatujamuuliza mtu. Tumemuuliza mwekezaji. Mnaweka vioo mbele ya vyungu, mtalii aingie na uso mbele, atazame mafuvu kama anavyotazama nyani, na nani katika ukoo wetu anaweza kusema wao watatazama nini? Nilidai mlango ufunguliwe kwa kuwa nilifungiwa. Haki yangu ya kuingia haijawahi kuwa haki ya kila mwenye kamera, na nilikosea kuzifunga hoja hizo kwenye fungu moja.

Basi, nimekuandikia sehemu mbili. Ya ndiva na soko, na ya Shengena, Kiingereza kizuri, mpe mwekezaji wako. Sehemu ya tatu siandiki, na akiandika mwingine nitapinga kikaoni, magazetini, na kwa mkuu wa wilaya ikibidi. Unajua sichoki. Picha za ndani ya msitu ulizoahidi kunitumia, usinitumie. Kama umekwisha kuzipiga, sitaki kujua ulisimama vipi ulipokuwa unazipiga.

Nisalimie wifi yangu, mwambie yale majani akinitumia yatakamatwa uwanja wa ndege, lakini nashukuru kwa nia. Msalimie shangazi yetu anayeuza tangawizi, na yule binamu fundi cherehani aliyenishonea gauni la kuagia. Bado linanitosha, akatae asikatae. Watoto wako wote wabusu, hata yule mkubwa anayeona haya. Baba Neema anakusalimu kwa heshima na anasema hana upande. Muongo, yuko upande wangu.

Tiketi ya Desemba nimekwisha kuikata. Nitakuja kikaoni, na baada ya kikao nitakwenda msituni. Nilimuuliza Baba Mdogo waziwazi, kama ninavyouliza watu wote: nikisimama pale mlangoni, utanizuia kwa kuwa mimi ni mwanamke? Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Akasema taratibu, "Mwanangu, nikikuzuia, nitakuwa namzuia nani?"

Nikamwambia mtandao unakatika, Kaka, nikakata simu.

Dada yako anayekupenda hata akikupinga,

Namsifu