Taa Zilizowaka Mchana

KITUO KIDOGO CHA POLISI, NYARUSANGA
MAELEZO YA SHAHIDI

Kuhusu: Kutoonekana kwa Adolf Selestini ziwani, na wananchi kushuka ufukweni kabla ya ruhusa ya kamati ya maafa.

Jina: Melania Selestini
Umri: Miaka 43
Kabila: Muha
Dini: Mkristo
Kazi: Kuanika na kuuza dagaa, mjumbe wa kamati ya maafa ya kijiji
Makazi: Nyarusanga, kitongoji cha Ufukweni

Yameandikwa Ijumaa, tarehe 25 Aprili 2025, kuanzia saa moja na nusu asubuhi. Shahidi ameonywa aseme kweli tupu, naye amejibu kwamba hana muda wa kusema kingine.

Mimi ndiye mwenye jina hilo hapo juu. Nimezaliwa hapa Nyarusanga, kati ya Mwamgongo na Kagunga, ambako barabara haifiki na kila kitu, hadi mfuko wa simenti, kinaletwa kwa boti. Adolf Selestini, ambaye hajarudi, ni mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu. Mama alifariki Adolf akiwa bado anatambaa, nikamlea mgongoni kwangu. Kwa hiyo afande, ukiandika kwamba ni mdogo wangu, ongeza hapo pembeni kwamba ni mwanangu.

Mwezi wa pili mwaka huu korongo lilishusha tope likafunika nyumba za watu wa juu. Ndipo halmashauri ikamtuma Bwana Eliakimu, mratibu wa maafa, aje tupange pamoja namna ya kujiokoa. Ni mtu wa Dodoma, mpole. Safari ya kwanza boti ilimtapisha njia nzima tukasema huyu hatumwoni tena, lakini alirudi, akatapika, akarudi tena. Sina neno baya juu yake na sitaki uniandikie neno baya juu yake.

Kilichotusumbua ni alama ya hatari. Simu huku zinashika mtandao zikijisikia. Kengele ya kanisa mvua ikinyesha haifiki hata kwa jirani. Katika kikao, Pastory, kiongozi wa wavuvi, akasimama akasema, "Sisi tukiwa majini ndio tunaouona mlima wote, kichwa hadi miguu. Mkiona tumewasha taa mchana, mjue mlima unakuja. Kimbilieni shuleni." Bwana Eliakimu alifurahi sana, akawauliza wavuvi kama kuna tatizo lolote na alama hiyo, nao wakasema hakuna. Kikao kizima kikapiga makofi.

Mimi sikupiga. Si kwa ujuzi, la. Sikuwepo. Mjumbe halali, niliyepigiwa kura na watu, nilikuwa nyuma ya ofisi ya kijiji napuliza kuni na jirani yangu Verediana, kwa sababu mwenyekiti alisema, "Melania, hebu tuangalizie chai." Niliporudi na birika, alama ilikuwa imeshapita. Nikaambiwa, nikaona ni nzuri, nikamimina chai.

Sasa wewe afande ni mgeni wa ziwa, acha nikueleze jambo, maana bila hili hutaelewa kitu. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Kukipambazuka wavuvi wanazima, wanarudi. Lakini ukungu ukishuka mvuvi haioni nchi kavu, basi anaiacha taa inawaka ili tujue yuko wapi, na sisi wanawake tunatoka na makarai ya bati tunapiga. Yeye anafuata mlio. Kila nyumba ina mapigo yake, ili kila mtu atie nanga kwao. Ya kwetu ni ya taratibu, kama mtu anayetwanga huku ana usingizi. Kazi hiyo ni ya wanawake tangu enzi za bibi zetu. Hakuna mwanamume anayeishika, na hakuna aliyewahi kuitaja kwenye kikao cha mtu yeyote.

Mnamo tarehe 24 Aprili 2025, Alhamisi baada ya Pasaka, majira ya saa moja na nusu asubuhi, nilifungua mlango nikakuta hakuna ziwa. Mvua ilikuwa imekatika alfajiri. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya maji, ukapanda hadi kwenye vichanja vya dagaa, ukaingia jikoni. Bata wa Verediana nilisikia miguu yao kwenye mchanga kabla sijawaona. Upepo hakuna. Mtu akikohoa kule mwisho wa kijiji unamsikia hapa begani. Nilisimama mlangoni nikadhani bado nimelala. Nilijifinya mkono, usicheke afande, nilijifinya kweli.

Ndipo taa zikatokea. Si taa hasa. Ni weupe ndani ya weupe, unaelea polepole. Mmoja, kisha mwingine, kisha ziwa zima likawa limechanua. Verediana alikuja akasimama kando yangu akasema kwa sauti ndogo, "Melania, zinapendeza." Na zilipendeza, jamani. Tukaziangalia kama watu wanaotazama arusi inapita. Mikono yangu ilikuwa tayari inatafuta karai, naapa, ilikuwa inatafuta, mtu wa huko nyuma akapaza sauti, "Taa mchana! Mlima! Mlima unakuja!"

Basi tukaondoka. Mlima haukuonekana, lakini hata kama ungekuwa unakuja nani angeuona katika weupe ule? Hakuna aliyemkanyaga mwenzake. Tulikuwa tumeshafanya mazoezi, kila mtu anajua njia yake na mzee wa kumbeba. Tulifundishwa kuchukua vitu vya lazima, nami nikajaza nguo za watoto ndani ya karai nikajitwika. Tulipanda kimya kimya, tunaonana migongo tu. Milango ya Nyarusanga ilibaki wazi yote na chai yangu ikabaki jikoni inachemka.

Shule iko juu. Pale penye mwembe wa walimu ukungu ukakatika ghafla, tukatokea juani. Chini yetu hakukuwa na kijiji, hakukuwa na ziwa, ilikuwa pamba tupu hadi milima ya Kongo. Bwana Eliakimu, aliyekuwa amelala kijijini, alituita familia kwa familia. Alipomaliza akasema, "Mmefanya vizuri ajabu. Wote mpo." Watu wakajipigia makofi. Safari hii nami nilipiga.

Nikakaa kwenye nyasi. Jua lilikuwa zuri, joto linaingia mgongoni, nikawa kama nataka kusinzia. Nilikuwa nazitazama zile taa ndani ya pamba. Zilikuwa bado zipo, lakini hazikuwa zinakuja. Moja ilielekea Kagunga, ikasimama, ikageuka. Nyingine ilikuwa inazunguka palepale. Nikajiuliza hawa wanacheza nini, nikatega sikio. Kimya. Hakuna karai hata moja linalolia kule chini. Nikageuza shingo, nikawaona wapiga makarai wote wa Nyarusanga wameketi kwenye nyasi pamoja na mimi, wanavuana matope miguuni.

Nilipiga kelele ambayo sikujua ninayo. Nikasema, "Jamani! Sisi tuko huku, wao wanamfuata nani?"

Hawakuwa wameuona mlima wowote. Walikuwa wamepotea, wanatuita, na sisi tulipoona wanatuita tukakimbia.

Nilimwendea Bwana Eliakimu nikamweleza ya makarai. Alisikiliza yote. Akasema, "Mama Melania, nimekuelewa. Lakini sina uhakika kama ni ukungu tu au kuna walichokiona. Mkishuka korongo likaja, nitawachimbua kwa mikono gani?" Nikamwambia, "Na wao?" Akageuka akautazama mlima. Hakuwa na kosa, afande, mlima ulikuwa umeshiba maji na yeye ndiye aliyeshika roho zetu. Mwenyekiti ndiye aliyejibu. Alisema, "Hakuna kushuka. Mpango ni mpango."

Nikamwaga nguo za watoto kwenye nyasi, nikachukua karai langu, nikashuka.

Nimeulizwa kama niliwachochea wananchi kukaidi kamati. Sikumwambia mtu neno. Niliporudi ndani ya ukungu nilidhani niko peke yangu, nikawa naogopa sana, nasikiliza upande wa korongo. Halafu nikasikia bati linagonga jiwe nyuma yangu. Kisha jingine. Sikugeuka kuangalia ni nani, nilikuwa nalia.

Tuliingia majini hadi magotini tukapiga. Kila mmoja mapigo ya kwao, yote kwa pamoja, na ukungu unayarudisha. Hatukuonana. Baadaye taa moja ikaanza kukua mbele yangu, ikawa njano, ikawa mtumbwi, ikawa Pastory. Alikuwa mweupe midomo. Akasema, "Mama zetu, mlikuwa wapi?" Verediana akamwambia, "Tulikuwa tunakutii." Pastory alishika kichwa. Alisema ukungu ulipowafunika hakuna aliyekumbuka kikao, mkono ulikwenda wenyewe kwenye taa kama ulivyozoea.

Niseme pia kwamba Bwana Eliakimu alishuka. Sikumsikia akija. Niligeuka nikamkuta amesimama mchangani, suruali imekunjwa, filimbi mdomoni, ametupa mgongo sisi na ziwa letu. Alisema, "Pigeni. Mimi nautazama mlima." Alikuwa hauoni, ni weupe mtupu, lakini alisimama vile kama askari wa mlangoni. Hilo nitalikumbuka siku zangu zote.

Mitumbwi ilifika mmoja baada ya mwingine. Adolf hakufika. Adolf ndiye anayekaa kwenye kamtumbwi kadogo ka taa, peke yake, mbali kidogo na wenzake, kazi yake ni kukusanya dagaa kwa mwanga. Pastory alisema mara ya mwisho alimsikia anaimba upande wa kaskazini. Adolf akiogopa huimba. Tangu mdogo.

Nilipiga. Wenzangu walikuwa na watu wao tayari, na hawakuondoka, walinipigia. Wakaacha mapigo ya kwao wakapiga ya kwetu. Ufukwe mzima ulikuwa unatwanga kwa usingizi.

Majira ya saa sita mchana Bwana Eliakimu alipanda kutafuta mtandao, aombe boti ya uokoaji. Mvua ikaanza tena. Mwenyekiti akaja na mgambo, akasema ufukwe ufungwe, akanishtaki kwamba nimevuruga zoezi la kamati. Karai langu likachukuliwa likaletwa hapa kuwa kielelezo. Wenzangu wakakatazwa kupiga mpaka atakapotangaza. Boti ya uokoaji ilikuja, Pastory akapanda nayo, ikazunguka hadi giza ikarudi. Tangu saa sita ile ufukwe wetu haujalia. Mtoto wangu yuko ukunguni anasikiliza, na sisi tumekaa kimya kwa amri.

Nilipofika hapa leo uliniandikia neno "marehemu" pale juu. Nakuomba ulifute. Najua hukulisema kwa ubaya, umeandika kama mnavyoandika. Lakini Adolf si mjinga. Ana betri, atakuwa ameizima taa kuitunza, anangoja asikie kitu ndipo aiwashe. Asiposikia ataiwashia nani? Na hatafuata karai la nyumba nyingine. Lile la kwangu lina kiraka, likipigwa linakwaruza kidogo mwishoni, ndilo lililomlaza na kumwamsha. Akilisikia hilo atajua kwetu ni wapi.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia, na sitapunguza hata moja nikiulizwa mbele ya yeyote. Mlima naujua, nauogopa, nami ni mjumbe wa kamati ile mpaka sasa. Kama kuna kosa langu mtanishtaki, sikimbii, nitakimbilia wapi na barabara hakuna? Lakini karai liko nyuma yako kwenye rafu, afande, limefungwa kikaratasi. Ukungu umerudi tangu alfajiri, unauona mwenyewe hapo dirishani. Nipe.

Sahihi ya shahidi: Melania Selestini

MAELEZO YA ASKARI

Maelezo haya nimeyaandika mimi, WP Koplo Yasmini, nikamsomea shahidi, naye amekiri kuwa ni sahihi. Neno "marehemu" katika aya ya kwanza limefutwa kwa ombi lake na mahali pake pameandikwa "hajarudi". Kielelezo, ambacho ni karai moja la bati lenye kiraka, nimemkabidhi shahidi kwa muda, saa mbili na dakika hamsini asubuhi, nami nimekisindikiza hadi ufukweni kwa usalama wa kielelezo. Mwenyekiti ameelezwa. Bwana Eliakimu amesimama chini ya korongo na filimbi yake. Wanawake wengine walipoona askari yupo, walileta makarai yao. Shahidi alipochoka mikono alinielekeza mapigo ya nyumba yao, nikapokea. Saa tatu na dakika arobaini taa moja imeonekana ziwani, upande wa kaskazini. Hakuna mtu aliyekimbia.