Aliyemuua Baba Kitabuni

Bweri, Musoma
3 Machi 2024

Kwako Mama yangu Mwanaamina,

Assalaam aleikum. Naomba barua hii ikukute mzima, na lile goti liwe limepoa. Mimi sijambo, ni mafua tu.

Huyo Ursula anayekuletea barua ni jirani yangu, anapitia hapo Bunda kwenda kwao. Amebeba na kitabu. Ndicho hicho, Mama! Riwaya yangu ya upelelezi imetoka, na juzi imetangazwa kuwa kati ya vitabu vitano vinavyogombea tuzo. Kwenye redio walikijadili kipindi kizima. Mchambuzi mmoja alisema riwaya zetu za mauaji zilikuwa zimelala kwa sababu muuaji anajulikana toka mlangoni, ana kovu na sauti nzito. Akasema mimi nimemleta muuaji anayependwa na kila mtu, anayekula mezani na watoto wa marehemu. Nilicheka peke yangu kama chizi.

Nikuambie mapema usishtuke: mwanzo wake nimeuchukua kwenye ajali iliyomuua Baba. Boti, dhoruba, dagaa zinaelea. Mengine yote nimebuni.

Msalimie sana Baba Rashidi aliyenilea. Mwambie nakala yake inakuja. Mwezi mtukufu ukufikie kwa heri.

Mwanao,
Najat

*

Nyasura, Bunda
19 Machi 2024

Mwanangu Najat,

Waaleikum salaam. Tunafunga salama, namshukuru Mungu. Goti linauma mvua ikinyesha, na sasa inanyesha kila siku. Hayo mafua chemshia tangawizi.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu hii tunaishika wote wawili, mimi na Rashidi. Hii barua nampa Hafidha wa jirani, anakuja Musoma kwa dada yake.

Kitabu nimekisoma. Nilikuwa na furaha mpaka pale boti inapopinduka, huyo Jabiri wako anamnyooshea mwenzake mkono, mwenzake anaushika, halafu Jabiri anauachia. Nilikifunga. Kesho yake nikakifungua tena, nikafika pale mke wa marehemu anapoona alama za kucha kwenye mkono wa Jabiri.

Najat, nani alikuambia?

Siku ile ya ajali Rashidi, aliyekuwa na baba yako botini, alirudi na alama hizo hizo. Mkono wa kulia, kuanzia kiganjani kwenda juu. Mimi ndiye niliyemwosha na maji ya chumvi, chumba cha ndani, mlango umefungwa, kabla hata ndugu hawajafika kwenye msiba. Sikumwuliza. Nilikuwa nimefiwa, ningeuliza nini? Na yeye hakusema. Baada ya miaka miwili alipokuja kunioa zilikuwa zimeshapona, nami nikazisahau.

Wewe ulikuwa na miaka tisa. Ulizijuaje? Kama kuna kitu unakijua, niambie mimi mama yako. Usiniambie kwa kitabu.

Mama yako

*

Bweri, Musoma
2 Aprili 2024

Mama yangu,

Salaam nyingi. Natumai funga inakwenda vizuri na nguvu unazo. Mimi mwili ni mzima. Kichwa ndicho sikielewi.

Wallahi hakuna aliyeniambia. Huku kwetu waandishi wa upelelezi, ukishaua mtu kitabuni lazima uache ushahidi mahali, msomaji aufuate. Nilitaka ushahidi ambao muuaji hawezi kuutupa ziwani. Nikafikiri: uwe kwenye ngozi yake. Nikaweka kucha. Nilijisifu kabisa siku hiyo, nikaona nina akili.

Sasa nimesoma barua yako, nakaa najiuliza. Labda nilichungulia. Nikifumba macho naona beseni la bluu na maji yana wekundu kidogo, lakini sijui kama hilo beseni nalikumbuka au nimelitengeneza jana. Mama, lilikuwa la bluu?

Kuna jambo jingine. Mwandishi wa habari aliniuliza kama kisa ni cha kweli. Nikamjibu, "Kila hadithi ina mzizi wake." Nilisema kwa sababu lilisikika vizuri. Wameliandika mtandaoni kwa herufi kubwa: RIWAYA YA MAUAJI ZIWANI, KISA CHA KWELI? Watu wanabishana huko usiombe. Wapo wanaosema mwandishi wa Bunda anajua asemalo.

Baba Rashidi ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli. Simfikirii hivyo. Lakini sasa ninamfikiria hivyo. Nifanyeje?

Mwanao,
Najat

*

Nyasura, Bunda
14 Aprili 2024

Mwanangu,

Eid imepita salama, tulichinja kuku. Natumai na wewe ulipata chochote. Beseni silikumbuki rangi.

Maneno yako ya mtandaoni yamefika sokoni. Rashidi alikuwa dukani anampimia mtu kamba ya nyavu, mteja akamwambia, "Mzee, si wewe ndiye wa kwenye kitabu cha binti yako? Nipimie vizuri, usije ukaniachia." Watu wakacheka. Rashidi naye akacheka. Alipofika nyumbani akaniuliza, "Mama Najat, kitabu kimefika?" Nikasema bado. Kipo ndani ya debe la mchele, mwanangu. Nimemdanganya mume wangu katika siku za Eid.

Akila naangalia mikono yake. Akinipa kikombe cha chai, napokea kwa chini ili vidole visigusane. Ameona. Alikuwaga mtu wa hadithi mezani, siku hizi anakula ananyamaza, na mimi sijui kama ananyamaza kwa sababu ameumia au kwa sababu ameshikwa.

Mtu wa tatu kwenye ile boti alikuwa Enos, ndiye mwenye boti. Baada ya ajali aliacha ziwa kabisa, akahamia Butiama kulima. Yupo bado. Mimi siwezi kwenda, Rashidi ataniuliza naenda wapi. Nenda wewe. Muulize, uniletee jibu lolote lile.

Mama yako

*

Bweri, Musoma
28 Aprili 2024

Mama,

Salaam. Kaa chini kwanza ndipo uendelee kusoma.

Nimetoka Butiama. Nyumba ya Mzee Enos haikunipa shida, kila mtu anamjua. Mke wake, Mama Rhobi, alinikaribisha kwa uji wa mtama, akamwita mzee kutoka shambani. Alikuja na jembe begani. Nilipotaja jina la Baba akalilaza jembe chini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

"Wewe ni binti wa Amini," akasema. "Una paji lake."

Nikamweleza kitabu, nikamweleza alama. Sikumwambia kwamba wewe umenituma, lakini nadhani alijua. Nikamwuliza waziwazi: "Mzee, Rashidi alimwachia baba yangu?"

Akakaa. Mama Rhobi akataka kuondoka, mzee akamshika kanga abaki.

"Rashidi hakumwachia," akasema. "Mimi ndiye niliyemwachisha."

Nakuandikia kama alivyosema, Mama, siongezi. Boti ilipopinduka, Baba alipigwa kichwani na injini. Rashidi alimshika kwa mkono wa kulia, wa kushoto ameushika ubao wa boti. Mawimbi yakawa yanawafunika wote wawili. Enos alikuwa upande wa pili, akamwita Rashidi amwache. Rashidi akakataa. Akazama, akaibuka, akazama tena, na mkono haufunguki. Enos akaogelea mpaka kwake.

"Nilimbandua vidole kimoja kimoja. Havikubali. Nikamkwaruza, nikamng'ata. Analia anasema, 'Enos, usimwachie, ana mtoto.' Mpaka mkono ukafunguka."

Nikamwuliza kama Baba alikuwa hai bado.

Alipangusa udongo kwenye mpini wa jembe. Kisha akasema, "Hapo ndipo ninaposhindwa. Nikiamka hivi nasema alishakufa. Nikiamka vile nasema alikuwa hai. Ningejua, ningekuja kwa mama yako nikapiga magoti, au ningekaa kimya na amani yangu. Sijui."

Nikamwuliza kwa nini Rashidi hakusema miaka yote hii. Akasema walipofika ufukweni Rashidi alimwambia, "Una watoto, Enos. Tuseme wimbi lilimchukua. Si uongo." Na ndivyo walivyosema.

Nimeondoka pale sijui kama namchukia yule mzee au namshukuru. Bila yeye wangezama wote wawili, na mimi nisingelelewa na Baba Rashidi. Nilimpa mkono nikiaga. Sijui kama nilifanya vizuri.

Mama, Baba Rashidi hana kosa. Hana hata kidogo. Kitoe kitabu ndani ya mchele.

Mwanao,
Najat

*

Nyasura, Bunda
9 Mei 2024

Mwanangu Najat,

Waaleikum salaam. Nashukuru ulirudi salama.

Barua yako ilinikuta nikiwa nimeshachelewa. Enos alimpigia Rashidi simu jioni ile ile uliyoondoka. Rashidi hakusema kitu siku hiyo wala iliyofuata. Alisubiri niisome barua yako, nilie, ninawe uso. Ndipo akasema:

"Mmemfikia Enos."

Nikasema ndiyo.

"Nilimpa neno langu, Mwanaamina. Nimelishika mpaka leo. Mkewe mwenyewe alikuwa hajui mpaka binti yetu alipokaa pale akanywa uji wao."

Nikasema nisamehe, niliziona alama.

"Uliziosha. Ungeniuliza pale pale. Au mwaka jana. Au juzi, mezani."

"Nilikuwa naogopa."

"Ulikuwa unaogopa jibu, au ulikuwa unaniogopa mimi?"

Mpaka sasa sijui lipi ni la kweli. Nimelala naye kitanda kimoja miaka yote hii, nikamwogopa kwa mwezi mmoja kwa sababu ya kitabu, na huo mwezi umekuwa mkubwa kuliko miaka.

Akasema, "Kama ningekuwa nimemwachia, mngekuwa na haki ya kuniuliza. Sasa sijamwachia, na mmemwuliza mwingine." Asubuhi alifunga duka akaenda Butiama. Alisema Enos hali chakula, hatoki ndani, Mama Rhobi amempigia akilia. Hajarudi. Simu kaniachia mimi, kwa hiyo hakuna wa kupigia.

Mama yako

*

Bweri, Musoma
20 Mei 2024

Mama,

Salaam. Sijapata neno lako jipya tangu barua ya tarehe tisa, na sijui kama nikuandikie. Hafidha akija huku naomba umpe hata mstari mmoja. Baba Rashidi amerudi?

Nimeshinda, Mama. Wametangaza Ijumaa. Mwenyekiti wa waamuzi alisoma kwa sauti kile kipande cha mkono, akasema ndicho kipande cha kweli kuliko vyote katika riwaya za mwaka huu. Watu wakasimama wakapiga makofi. Nilienda mbele nikashukuru, nikarudi kukaa, sikumbuki nilisema nini. Waandishi wakaniuliza tena kama ni kisa cha kweli. Nikisema ndiyo, namwita Baba Rashidi muuaji. Nikisema si kweli, wataniuliza ukweli ni upi, na ukweli ni wa Enos, si wangu. Nikawaambia naumwa.

Nataka kuja nyumbani. Nataka kumwangalia usoni nimwombe radhi. Niambie nije lini.

Mwanao,
Najat

*

Nyasura, Bunda
2 Juni 2024

Mwanangu Najat,

Mungu akuweke. Hongera kwa ushindi. Nasema kwa moyo, wewe ni mwanangu.

Rashidi amerudi. Alikaa na Enos wakalima pamoja, anasema, wakapalilia shamba lote la muhogo bila kuongelea lile jambo. Enos sasa anakula.

Alipofika aliomba kitabu. Nikampa. Amekisoma dukani, amekaa juu ya marobota ya nyavu, wateja wanakuja anawaambia wangoje afike mwisho wa ukurasa. Alimaliza jana. Nikamwuliza, "Umekionaje?"

Akasema, "Kinasomeka. Hata mimi nilikuwa nataka huyo Jabiri akamatwe."

Nikacheka, mwanangu, nilidhani anatania. Nikamtazama, hakuwa anatania. Alikuwa anashangaa, kama mtu aliyejikuta mahali bila kujua amepitia njia gani. Nikaacha kucheka.

Anasema hana hasira na wewe. Anasema hata na mimi hana. Naona anasema ili niache kuuliza. Analala chumba cha mbele kwa sababu ya joto, na huku ni kipupwe. Leo asubuhi niliweka kikombe cha chai mkononi mwake, si mezani, nikakishikilia kidogo. Alikipokea, akasema asante. Sikujua kama asante ile ni ya mume au ya mgeni.

Ameniagiza nikuambie usome, uandike, usiogope watu.

Lakini usije bado. Si kwamba hatukutaki. Acha kwanza tujue ukibisha hodi ni nani kati yetu atakayekufungulia, na atakuwa na uso gani.

Mama yako